Ukurasa wa Jamaa: Kiatu, karoti na masizi



Siku ya posho iliyopita, tulipokwisha kuhesabu pesa za likelemba na kabla ya kugawanya sabuni, mama mmoja kati yetu aliomba neno. Alifungua fundo la kikwembe, akatoa simu, akatusikilizisha sauti ya binti yake anayekaa Bruxelles, mji mkuu wa Ubelgiji. Binti huyo wengi wetu tunamjua. Alizaliwa hapa Kadutu, na wengine wetu tulimbeba mgongoni. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. Alisema kwamba mtoto wake wa kwanza, mwenye miaka sita, alirudi kutoka masomo akiwa kimya na akakataa kula. Kumbe darasani walikuwa wanatayarisha sikukuu ya Mtakatifu Nicolas, na mtoto mwenzake akamwambia: "Wewe ndiye utakuwa Père Fouettard, maana hauna haja ya kujipaka rangi." Wengine wakacheka. Mwalimu hakusikia, ao alisikia akanyamaza. Binti alimaliza kwa swali: "Mama, siku ile nimpeleke masomo, ao nimbakize nyumbani?"

Hapo chumba kilijaa kelele. Wengine walisema abaki nyumbani, masomo ya siku moja hayafukuzi umasikini. Wengine walisema aende, tena avae vizuri kuliko wote. Mama mmoja wa Nguba akanyoosha mkono na kuuliza swali lililotunyamazisha: "Kwanza, huyo Père Fouettard ni nani?"

Tukaona haya kidogo. Kila juma tunasema Bruxelles, Bruxelles. Tunangojea pesa kutoka kule, tunapeleka sambaza kavu na unga wa muhogo kule, wajukuu wetu wanazaliwa kule. Lakini mwaka wa watu wa mji ule unavyopita, sikukuu zao na sababu zake, tulikuwa tunajua nusu nusu tu. Kwa bahati, mmoja kati yetu aliwahi kuishi huko miaka mitatu. Tulimkalisha, tukamuuliza mpaka jua likaingia, na mengine tukayatafuta ndani ya vitabu. Ndiyo tunayowaletea juma hili.

Lakini kabla ya Nicolas, tuseme kwanza juu ya giza, maana bila giza hautaelewa sikukuu zao. Hapa kwetu jua linatoka karibu saa kumi na mbili na linaingia karibu saa kumi na mbili, mwaka mzima. Tunachohesabu ni mvua na kianga. Bruxelles wanahesabu mwangaza. Mwezi wa 12 watoto wanaenda masomo kungali giza, kwa sababu jua linatoka karibu saa mbili na nusu ya asubuhi, na kabla ya saa kumi na moja ya jioni limekwisha kuingia. Mwezi wa 6 ni kinyume: saa nne ya usiku bado unaweza kuchambua maharagwe inje bila taa. Basi sikukuu zao za majira ya baridi ni za ndani ya nyumba, za moto, sukari na watoto. Za majira ya joto ni za barabarani, na ngoma na mabango.

Mwezi wa 1, tarehe 6, wanakata keki ya Wafalme. Ndani yake kumefichwa kitu kidogo, zamani punje ya haragwe, siku hizi kisanamu. Mtoto mdogo kuliko wote anaingia chini ya meza, na kila kipande kinapokatwa anaita jina la mwenye kukipokea, ili pasiwe na upendeleo. Anayekuta haragwe anavalishwa taji la karatasi. Tarehe 2 ya mwezi wa 2 wanapika chapati laini za mayai na maziwa. Hizo mbili hazina ugomvi na mtu, na tunazipenda. Mama wa Nguba alisema ile ya mtoto chini ya meza tuijaribu siku ya kugawanya nyama.

Sasa Nicolas mwenyewe. Alikuwa askofu wa Myra, mji wa pwani katika nchi inayoitwa leo Uturuki, zamani sana, zaidi ya miaka 1600 iliyopita. Kwa hiyo hakuwa Mbelgiji. Ubelgiji haikukuwako. Watu wanasimulia juu yake mambo mengi, na mawili yanawahusu wamama. La kwanza ni la baba masikini mwenye mabinti watatu. Kule, wakati ule, upande wa msichana ndio uliotoa mali ya ndoa (kwetu ni mwanamume analeta mbuzi na ng'ombe, tusichanganye), na baba huyu hakuwa na kitu, akafikiri kuwauza wasichana kwa kazi ya aibu. Nicolas akapita usiku, akatupa mfuko wa dhahabu dirishani, akaenda zake bila kuonekana. Akafanya hivyo mpaka wote watatu wakaolewa. La pili ni la watoto watatu waliouawa na mchinja nyama na kutiwa ndani ya pipa la chumvi. Nicolas akawafufua. Ndiyo maana Wabelgiji, Waholanzi na wengine wanamwita mlinzi wa watoto.

Usiku wa tarehe 5 kuamkia tarehe 6 ya mwezi wa 12, mtoto wa Bruxelles anaweka kiatu chake karibu na mahali pa moto ao mlangoni, na ndani yake karoti. Karoti ni ya mnyama wa Nicolas. Bruxelles ni mji wa lugha mbili, na hata hapo hawaelewani: wenye kusema Kifaransa wanasema ni punda, wenye kusema Kiholanzi wanasema ni farasi mweupe. Asubuhi karoti imeliwa, na ndani ya kiatu kuna chokoleti, machungwa madogo, na biskuti ngumu za sukari nyekundu zenye sura ya askofu, zinazoitwa speculoos. Kwa mtoto wa kule hiyo ndiyo siku kubwa ya zawadi, mara nyingi kuliko Noeli.

Hapo mama mmoja mzee, ambaye mara nyingi anasinzia katika mikutano, alifungua macho akasema: "Mimi ninamjua huyo. Kwa masista walitupa bonboni siku ile. Padri alikuja na ndevu za pamba." Tukamuuliza kama kulikuwa na Père Fouettard. Akafikiri kidogo, akajibu: "Hapana. Wangempaka nani? Sisi wote tulikuwa weusi." Tulicheka mpaka machozi, kisha tukaacha kucheka.

Père Fouettard, kwa maneno yetu, ni Baba Kiboko. Ni yule anayemfuata Nicolas akibeba fimbo ya kupiga watoto watundu. Kila askofu mwema, inaonekana, anahitaji mtu wa kufanya kazi mbaya mahali pake. Katika Uholanzi na kwa Wabelgiji wenye kusema Kiholanzi anaitwa Zwarte Piet, maana yake Piet Mweusi. Sura yake inayojulikana zaidi ilitokana na kitabu cha watoto kilichochapwa Uholanzi mwaka 1850 na mwalimu mmoja, Jan Schenkman, ambaye alimpa Nicolas mtumishi mweusi. Wamama, angalieni mwaka. Mwaka 1850 Waholanzi walikuwa bado wanamiliki watumwa katika koloni yao ya Surinam, na waliwaachilia mwaka 1863 tu. Yule mtumishi mweusi hakutoka katika Biblia, wala katika maisha ya Nicolas. Alitoka katika mambo watu wa wakati ule waliyozoea kuona.

Ukiwauliza watu wa kule, wengi watakujibu kwamba Piet ni mweusi kwa sababu anashuka ndani ya bomba la moshi, ni masizi tu. Mwenzetu aliyeishi Bruxelles alisikia jibu hilo mara nyingi. Sisi tunaopika kwa makala tunajua masizi kuliko mtu yeyote. Ni bomba gani linalopaka midomo rangi nyekundu, linavalisha hereni za dhahabu, na kugeuza nywele za mtu kuwa kipilipili?

Bruxelles ina desturi nyingine ya namna hiyo, na hii ilitushangaza zaidi, maana ilianza kwa nia nzuri. Mwaka 1876 watu wenye mali wa mji ule waliona nyumba moja ya kulelea watoto wadogo imekosa pesa. Wakaamua kupita katika mikahawa na hoteli kuomba michango. Lakini waliona haya kujulikana, mabwana wakubwa wakiomba kama maskini, basi wakajipaka nyuso rangi nyeusi, wakavaa kofia ndefu na makoti ya kifalme, wakajiita Conservatoire africain. Watu wakawaita Noirauds, Weusi-weusi. Mwaka ule ule wa 1876, katika mji ule ule, mfalme Léopold wa Pili alikusanya wachunguzi wa safari na wakubwa wa Ulaya kuzungumza juu ya Afrika ya kati. Mnajua mazungumzo hayo yalitufikisha wapi.

Noirauds wameendelea mpaka leo, kila mwaka karibu na mwezi wa 3, na pesa wanazokusanya zinasaidia watoto wenye shida. Hatutasema uongo juu ya hilo. Mama mwenye kupokea maziwa ya mtoto hajali sana kofia ya aliyeyatoa. Lakini mwaka 2015 waziri wa mambo ya inje wa Ubelgiji alijipaka uso mweusi pamoja nao, akatembea mjini, akaonyesha picha yake mwenyewe kwa furaha. Magazeti ya nchi nyingine yaliandika, watu wakauliza jinsi mtu anayepokea mabalozi wa Afrika anavyoweza kufanya hivyo. Wenyewe wakashangaa: sisi tunasaidia watoto, ubaya uko wapi?

Miaka minne ikapita. Mwaka 2019 Noirauds walitoka tena na kofia zao, makoti yao na visanduku vyao vya pesa, lakini nyusoni walijipaka rangi tatu za bendera ya Ubelgiji: nyeusi, manjano na nyekundu. Michango haikusimama, watoto waliendelea kusaidiwa. Desturi ya miaka zaidi ya 140, na walichobadilisha ni rangi ya kopo moja.

Tuliposoma hayo mkutanoni, mama mwenye mjukuu alisema polepole: "Kumbe inabadilika." Tulitaka kujua kama hilo ni jambo la mara moja tu, ndipo tukaangalia sikukuu nyingine za Bruxelles, zile ambazo hazina masizi. Tusije tukafikiri mji wote ni uso uliopakwa.

Tunayoipenda zaidi ilianzishwa na mwanamke. Wanasimulia kwamba mwaka 1348, Béatrice Soetkens, mwanamke wa kawaida, alikuwa Antwerpen, na katika ndoto Bikira Maria akamwambia aondoe sanamu yake ndogo katika kanisa la kule aipeleke Bruxelles. Akaenda kuichukua. Mlinzi wa kanisa akataka kumzuia, lakini hakuweza kusogea. Béatrice akaingia na sanamu ndani ya mtumbwi, na mtumbwi ukapanda mto mpaka Bruxelles. Wenye upinde wa mji wakaipokea na kuiweka katika kanisa lao la Sablon, na kila mwaka wakawa wanaizungusha mjini. Msafara huo wakauita Ommegang, kwa Kiholanzi maana yake kuzunguka. Kisheria, tuseme ukweli, mama huyo aliiba. Lakini hakuna mtu wa Bruxelles anayetaka sanamu irudishwe.

Sikilizeni kilichotokea baadaye. Mwaka 1549 mfalme Charles wa Tano alikuja na mwana wake Philippe kutazama msafara huo, na wakubwa wa mji wakaufanya wa fahari kubwa, na farasi na majitu ya mbao. Pole pole sherehe ya Maria ikawa sherehe ya wafalme. Kisha ikafifia, ikakoma kabisa. Mwaka 1930, nchi ilipotimiza miaka 100 ya uhuru, watu wakaiamsha kwa kuiga ile ya mwaka 1549, na sasa kila mwaka, mwisho wa mwezi wa 6 ao mwanzo wa mwezi wa 7, watu zaidi ya elfu moja wanavaa nguo za zamani na kuingia uwanja wa Grand-Place usiku. Mwaka 2019 UNESCO iliiandika katika orodha ya mirathi ya ulimwengu. Kwa hiyo kile ambacho mtalii anakiona na kudhani hakijaguswa tangu zamani, kilikufa, kikafufuliwa, na kikachaguliwa kifanane na nini.

Ya pili ni Meyboom, mti wa furaha. Hiyo mwenzetu aliiona kwa macho yake, akiwa na mtoto ndani ya kigari. Tarehe 9 ya mwezi wa 8, kila mwaka, wanaume wanabeba mti mrefu mabegani, wanazunguka nao mjini na matarumbeta na majitu ya kitambaa yanayocheza, mpaka pembe ya barabara mbili, rue des Sables na rue du Marais. Pale kuna shimo. Mti lazima usimame kabla ya saa kumi na moja ya jioni. Ukichelewa, haki ya kuusimamisha inaenda kwa watu wa Leuven, mji jirani, ambao ni maadui wa zamani kwa sababu ya ugomvi katika arusi, wanavyosimulia, mwaka 1213. Desturi yenyewe wanaihesabu tangu 1308. Mwenzetu anasema kilichomgusa si mti. Ni wazee wa pale kutazama saa. Wanajua kwamba mti utasimama, lakini ikifika saa kumi na dakika arobaini wanaanza kutoa jasho kama wamama wanaongojea mashua.

Majitu ya Meyboom yako pia katika orodha ya UNESCO, pamoja na majitu ya miji mingine ya Ubelgiji na Ufaransa. Zamani mji wa Ath ulikuwa humo. Katika sherehe yao kulikuwa na mtu aliyepakwa mweusi, mwenye minyororo na pete puani, anayeitwa "Mshenzi". Watu walilalamika miaka mingi, na mwisho wa mwaka 2022 UNESCO ikaitoa sherehe ya Ath ndani ya orodha. Meyboom ilibaki.

Na kuna Manneken-Pis, mtoto wa shaba anayekojoa pembeni ya barabara. Wageni wanapomwona wanashangaa alivyo mdogo, sentimita 55 tu, jinsi ya mtoto wa miezi michache. Alitengenezwa mwaka 1619. Ana nguo zaidi ya elfu moja, zawadi za nchi na vyama, na nyumba yake ya kuzihifadhi. Nguo ya zamani kuliko zote zilizobaki ilitoka kwa mfalme wa Ufaransa Louis wa Kumi na Tano, mwaka 1747, kisha askari wake kumuiba mtoto na watu wa Bruxelles kukasirika. Tangu mwaka 1987 kuna pia msichana, Jeanneke-Pis, katika kichochoro kingine, nyuma ya vyuma. Wamama wetu waliuliza kwa nini mvulana yuko wazi barabarani na msichana yuko nyuma ya vyuma. Mwenzetu hakuwa na jibu, na sisi tulidhani jibu tunalijua.

Kuna sikukuu moja ambayo watu wetu wenyewe waliiongeza katika mwaka wa mji ule. Karibu na Porte de Namur, katika mtaa wa Ixelles, kuna barabara zinazoitwa Matonge, jina la mtaa wa Kinshasa. Pale unapata makayabu, chikwangue, nywele za kusuka na habari zote za nyumbani kabla hazijafika kwetu wenyewe. Karibu na tarehe 30 ya mwezi wa 6, siku ya uhuru wetu, barabara zinajaa muziki, na Wabelgiji wanakuja kula mbuzi wa kuchoma na watoto wao. Tarehe 30 ya mwezi wa 6, 2018, mji ulifungua pale uwanja mdogo wenye jina la Patrice Lumumba. Watu wetu waliuomba kwa miaka mingi, walikataliwa, wakaomba tena.

Basi turudi kwa mjukuu. Mwaka 2016 televisheni na vyama vya Wabelgiji wenye kusema Kiholanzi walipatana kwamba Piet asipakwe tena mweusi uso mzima, apakwe mistari ya masizi tu, bila midomo wala hereni. Si masomo yote yanafuata, na katika nyumba nyingi mzee wa zamani bado anakuja na kopo lake. Lakini binti yetu hatakuwa mama wa kwanza kusema neno. Tulikubaliana kumwambia hivi: asimbakize mtoto nyumbani, maana mtoto atafikiri yeye ndiye mwenye kosa, na atakosa biskuti. Lakini asimpeleke akiwa amenyamaza pia. Aende kwa mwalimu kabla ya siku ile, peke yake, bila hasira ya kwanza, amwambie maneno ambayo mtoto aliambiwa, jinsi yalivyosemwa, na kwamba mtoto hakula. Aulize nani atacheza Père Fouettard na atapakwa nini. Kama mwalimu anasema ni desturi, amsimulie juu ya Noirauds.

Hatukukubaliana wote. Mama mmoja alisema kwamba mgeni hapangi namna ya kupika katika nyumba ya watu. Mwingine akamjibu kwamba mtoto yule si mgeni, amezaliwa pale, anasema lugha yao kuliko sisi. Walibishana muda mrefu na hatukuwazuia.

Kisha mama mmoja ambaye hasemi sana alisema jambo lililotuuma. Alisema: "Na hapa kwetu? Katika michezo ya mwisho wa mwaka wa masomo, watoto wakicheza Mtwa, wanapakwa nini? Majivu na udongo, wanatembea wameinama, na sisi wazazi tunapiga makofi. Mwaka jana kulikuwa na mtoto wa Batwa amekaa mstari wa pili na mama yake. Mimi nilimwona. Nilicheka pamoja na nyinyi." Hakuna aliyejibu. Mama mzee alikuwa macho kabisa. Tuliamua kwamba kabla ya sikukuu ya mwaka huu, wawili kati yetu wataenda kusema na walimu wa masomo yale, na tutamwomba mama wa yule mtoto shauri lake kwanza, kama atapenda kutupokea.

Siku ya pili yenga, koko alituma sauti kwa mjukuu. Alimsimulia juu ya askofu aliyetoka mbali, kutoka upande wa Uturuki, akatupa dhahabu dirishani kwa wasichana watatu. Hakutaja Baba Kiboko hata kidogo. Mtoto akajibu kwa sauti yake, Kifaransa kilichochanganyika na Kiswahili, akiuliza kama punda akikosa karoti anaweza kula bugali. Koko alimwambia aweke vyote viwili.

Binti alikwenda kwa mwalimu siku ya tatu. Mwalimu alimsikiliza, akakaa kimya kidogo, akasema hakusikia maneno yale na kwamba ataongea na mkubwa wa masomo. Tunapoandika ukurasa huu jibu halijafika. Likifika, mtalisoma hapa.

Siku ya posho tunakutana saa nane kamili, mahali pale pale. Wenye kuenda kwa walimu watajulikana siku ile, basi fikirini nani mnamwamini. Na nyinyi mliopata bonboni kwa masista zamani, njoni na habari zenu. Mama mzee ameomba asiachwe peke yake kukumbuka.